Majani Mabichi ya Manka

Nianze na hasira moja kwa moja, wajukuu zangu, maana nikianza na salamu nitapoa, na leo sitaki kupoa.

Juzi nilishuka sokoni Kiboriloni kutafuta mpini wa jembe. Wakati wa kurudi, jua liko utosini, vumbi linaingia mpaka kwenye meno, nikamkuta kijana mmoja kavaa miwani myeusi anamwaga yurea kwenye majani ya tembo pembeni ya njia. Anamwaga kama anayewatupia kuku mtama. Ardhi imepasuka. Mvua, hata harufu yake hakuna. Nikasimama, mpini begani.

"Kijana, unafanya nini hapo?"

"Shikamoo babu. Naweka mbolea."

"Marahaba. Unaiweka wapi? Hewani?"

Akacheka. "Babu, hii ya kisasa. Unaimwaga tu, inajipeleka yenyewe."

Inajipeleka yenyewe! Kweli inajipeleka. Yurea ukiiacha juu ya ardhi kwenye jua kali, hasa pakiwa na kaunyevu kidogo ka umande, inageuka hewa, inakwenda zake Kenya. Pua yako ikisikia harufu ya mkojo wa banda lililofungwa, ujue hiyo ndiyo nguvu ya mbolea yako inakuaga. Nikamwambia hivyo. Akaniuliza, "Kwani shamba ni lako, babu?" Nikaondoka. Nilipofika nyumbani nikagundua mpini nimeuacha palepale kwenye ukingo wake. Sikurudi kuuchukua. Nilijijua, ningerudi, ningeutumia.

Sasa mtaniuliza huyu mzee ni nani hata agombane na watu kwa ajili ya majani. Mimi shule niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nililisoma huku nikichunga mbuzi wa mwalimu. Lakini majani nimeyafanyia kazi mpaka nywele zikaniisha. Upande wa Sanya Juu, kwenye ile nchi ya wazi ambako upepo unavua watu kofia, kulikuwa na shamba kubwa la nyasi za kupanda. Tulikuwa tunazikata, tunazikausha, tunazifunga marobota ya hei, magari yanakuja kuchukua. Nilianza kama mbeba marobota, nikawa mmwaga mbolea, nikazeekea hapo. Huku kwetu mlimani wananiita Babu Yurea. Wajukuu wengine hata jina langu la ubatizo hawalijui.

Aliyenifundisha alikuwa nyapara wetu, mzee Elifuraha, Mlutheri wa ajabu, mtu mfupi mwenye sauti ya ng'ombe dume. Siku ya kwanza hakunipa mbolea. Alinipa debe la mchanga, akaniambia, "Mwaga." Nikamwaga. Akatazama chini akasema, "Umeandika barua ya mlevi. Rudia." Nilimwaga mchanga wiki nzima. Hatua moja, mkono mmoja. Mguu wa kushoto ukigusa chini, mkono wa kulia unafunguka. Unatembea huku umelala na upepo, si kinyume chake, la sivyo mbolea inaingia machoni na shamba unalikosa. Mkono haufunguki wote. Vidole viwili ndivyo mlango, vingine ni ukuta. Mnacheka? Jaribuni.

Maana majani hayana siri, wajukuu zangu. Ukimwaga ovyo leo, baada ya mvua mbili shamba linakusema. Panatokea mstari wa kijani cheusi, pembeni yake mstari wa njano, kijani, njano, shamba zima. Alikuwepo mwenzetu mmoja, mpenda mbege sana, hii pombe yetu ya ndizi, shamba lake lilitoka na mistari hivyo hivyo. Kutoka siku hiyo tulimwita Punda Milia. Alioa akiitwa Punda Milia. Padre nusura amfungishe ndoa kwa jina hilo.

Elifuraha alikuwa na kanuni zake, na alizisema kwa kupiga kelele. Ya kwanza: mbolea ni chumvi. Kidogo inaleta ladha, nyingi inamwaga chakula. Tena unamwekea aliyekatwa. Majani yakishakatwa yakaanza kuchipua, na ardhi imelowa, ndipo unampa, kidogo. Ukivuna tena, unampa tena, kidogo. Hakuna kumlisha mtu mwaka mzima kwa sahani moja. Mwenye shamba aliwahi kutukatalia. Akasema kama kiasi hiki kinatoa nyasi hivi, basi tukizidisha mara mbili nyasi nazo zitakuwa mara mbili. Tukazidisha. Nyasi zikapanda kidogo, kisha zikalala kama walevi, chini zikaoza, juu zikawa maji matupu. Marobota yalikuwa yaleyale. Elifuraha alizunguka ule upande wa shamba akipiga mluzi wa tenzi za rohoni, tukajua amefurahi sana.

Kanuni ya pili ndiyo iliyonifanya nishike kalamu leo. Tukishamwaga mbolea, Elifuraha alikuwa anakata tawi la mgunga lenye miiba, analilaza kwenye lango la shamba. Tawi likiwa pale, hakuna ng'ombe anayeingia, hakuna mtu anayekata hata konzi moja, hata kama majani yanapendeza namna gani. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Jani limekula sana, halijasaga. Tumbo lake limejaa. Ukimpa ng'ombe saa hizi, unampa tumbo la mwenzake." Tawi lilikaa mpaka wiki zipite, jua liwake vizuri, majani yarefuke. Ukame ukiwa umetangulia, lilikaa zaidi. Tulilalamika, ng'ombe wa mwenye shamba walilalamika kwa sauti, tawi likakaa.

Hilo liwekeni kichwani. Nitalirudia.

Huku kwetu mlimani, ng'ombe haendi malishoni. Malisho gani? Kihamba chote, yaani shamba letu la nyumbani, ni migomba na kahawa, nyumba juu ya nyumba. Ng'ombe anakaa bandani kama bibi harusi, chakula kinamfuata. Na anayekileta ni mwanamke. Nani asiyewajua hawa mama zetu wanaoshuka tambarare alfajiri na mundu, wakapanda na mzigo mkubwa kuliko ng'ombe mwenyewe? Shingo za mama zetu ndizo zilizojenga nyumba za bati mnazoziona. Hilo nalo linanikera, maana vijana wa kiume wenye mabega kama milango wanakaa kijiweni wanabishana mpira huku mama zao wanapita na mizigo, na wanawasalimia! "Shikamoo mama!" Mpokee mzigo, mjinga wewe!

Basi. Narudi.

Tuna desturi, na ni nzuri. Mtu akipata shida, awe amejifungua, amefiwa au amelazwa, hatumpelekei maneno. Tunampelekea ng'ombe wake majani. Kila nyumba siku yake. Na hapa sikilizeni: hupeleki majani makavu. Hupeleki yale ya njano ya pembeni ya shamba. Unapeleka yaliyo bora kuliko yote uliyonayo, na ng'ombe wako wewe unamkatia migomba. Mama aliyepeleka mzigo mbovu atasemwa mpaka ubatizo wa mjukuu wake. Na ukishapeleka, husemi. Unautua mzigo langoni, unaondoka. Aliyetoa hatangazi.

Miaka si mingi iliyopita jirani yangu Mama Ndeshi, mjane wa makamo, aliteleza kwenye mfongo, huu mfereji wetu wa maji unaoshuka kutoka juu. Alikuwa anaelekeza maji kwenye migomba yake. Mguu ukavunjika vibaya, akapelekwa hospitali mjini Moshi. Nyumbani kabaki ng'ombe wake, Malaika, wa maziwa, mwekundu mwenye doa jeupe usoni. Huyo ng'ombe ndiye aliyesomesha watoto wa Mama Ndeshi. Tukapangana majani.

Siku moja mpangilio ukakosewa. Huyu alifikiri ni zamu ya yule, yule alifikiri ni ya huyu. Malaika akashinda na maganda ya ndizi tu. Analia, kijiji kizima kinamsikia, kila mtu anasema, "Mbona ng'ombe wa Mama Ndeshi hajapewa?" na hakuna anayenyanyuka. Kesho yake ilikuwa zamu ya Manka.

Manka ni mke wa marehemu Eliya, kijana niliyemzoea tangu akiwa mdogo. Alifiwa mapema, amebaki na watoto na kihamba kidogo kilichopakana na cha shemeji yake, Oforo, kaka mkubwa wa marehemu. Mpaka wao ni mstari wa masale. Kama hukulelewa huku, isale ni mmea wa majani marefu, tunaupanda mpakani, na hakuna Mchaga mwenye akili anayeng'oa isale la mpaka. Tena lina kazi nyingine. Ukimkosea mtu, unachukua isale, unalifunga fundo, unampelekea. Akilipokea, amekusamehe. Ukimpelekea isale, hawezi kukufukuza. Liko hivyo tangu mababu, na padre analijua, na mchungaji analijua.

Oforo alikuwa anakitamani kile kihamba. Si siri. Alikuwa anasema, "Mwanamke peke yake atalima nini?" Na Manka, kumwonyesha kuwa analima, akapanda majani ya tembo kwenye kona nzima ya chini, akaenda Kiboriloni kununua mbolea ya kukuzia. Muuza duka, kijana mmoja mwenye mdomo wa asali, akamwambia, "Mama, mwaga tu kwa wingi. Mbolea haina dhambi."

Haina dhambi! Na wewe je, unayo? Hakumuuliza ardhi yake ikoje, hakumuuliza mvua iko wapi, hakumwambia asubiri mpaka lini. Alimpa mfuko akampa na tabasamu. Mpaka leo nikipita lile duka, napita upande wa pili wa barabara, si kwa kumwogopa, ni kwa kumwonea huruma asije akanisalimia.

Manka akamwaga mfuko mzima kwenye kakona kale. Jua likawaka. Majani yakakauka ncha, yakasimama tu, yanashika mbolea mizizini bila kukua. Kisha mvua ikapiga ghafla, mara moja, kubwa, na mawingu yakabaki yametanda siku kadhaa bila jua. Mngeyaona yale majani! Kijani mpaka cheusi, mapana, yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Mimi niliyaona kwa mbali, nikasema moyoni, Manka amekuwa mkulima. Sikujua yamewekewa nini wala lini.

Asubuhi ya zamu yake akayakata chini kabisa, karibu na shina, ili mzigo ujae. Akautua langoni kwa Mama Ndeshi. Akaondoka bila kusema, kama desturi. Mtoto wa jirani aliyekuwa akiliangalia banda akayatia horini, na Malaika, aliyelala na njaa, akayavamia.

Kabla ya adhuhuri nikasikia makelele. Nikakimbia, nikimaanisha nilitembea haraka. Malaika alikuwa anayumba bandani, anapumua kama aliyepanda mlima mzima, fizi na ulimi vimekuwa vya buluu iliyochanganyika na udongo. Akapiga magoti. Akalala. Nikasema, "Mwiteni daktari wa mifugo, upesi!" Kuna dawa ya sindano, inafanya kazi kama ikiwahi. Haikuwahi. Oforo akasema, "Mchinjeni kabla hajafa, nyama isipotee."

Mchinjaji wetu, Baba Kiria, akamchinja. Alikuwa ameandaa sufuria kwa ajili ya kisusio, ile supu yetu ya damu. Damu ilipotoka, akasimama na kisu mkononi. Akasema polepole, "Hii si damu. Hii ni mbege." Ilikuwa ya kahawia, kama mbege iliyolala. Akaisukuma sufuria kwa mguu. Kisusio hakikupikwa. Nikasema nyama nayo ifukiwe, tusile tusichokijua. Nani akanisikiliza? Iligawanywa, tena Oforo alichukua paja.

Jioni hiyohiyo maneno yalikuwa yamezunguka mlima. Manka kamtilia sumu ng'ombe wa Mama Ndeshi. Kwa nini? Kwa sababu waliwahi kugombania zamu ya maji ya mfongo. Ushahidi? Damu imebadilika rangi. Na ushahidi mkubwa kuliko wote, ambao Oforo aliutembeza nyumba kwa nyumba: "Ng'ombe wa Manka mwenyewe yuko mzima! Majani yametoka shamba moja, la jirani amekufa, lake anacheua. Mwanamke alijua!"

Nilisikia hivyo nikaanza kuona picha ya tawi la miiba la Elifuraha.

Oforo akaitisha kikao cha ukoo, Jumapili baada ya ibada, uani kwake. Alishasema anachotaka: Manka arudi kwao Rau, watoto wabaki, kihamba kirudi kwa ukoo. Nikajua nikienda peke yangu watanicheka. Kwa hiyo Jumamosi nikapanda bodaboda, mimi na umri huu, nimemkumbatia dereva kama mchumba, nikashuka kumtafuta bibi shamba wa kata yetu, Neema. Huyu binti ana diploma, na alikuwa ameshakuja kijijini kwetu mara moja kufundisha mambo ya mbolea na malisho. Mnajua watu walifanya nini? Walipiga makofi alipofungua, na alipofika katikati wanaume wote walikuwa kilabuni. Mimi nilibaki, lakini nisijisifu, nilikuwa nimelala.

Nikamweleza. Akaniuliza maswali, nikayajibu. Akasema, "Babu, nitakuja. Ila nitauliza tu, sitahubiri."

Jumapili uani kulijaa. Manka amekaa kwenye kigoda pembeni, kanga kaivuta mpaka kwenye paji la uso, watoto wamemshika. Oforo akafungua kwa sala, sala ndefu, ya mtu anayemweleza Mungu hukumu iliyokwisha kuamuliwa. Kisha akasema yake. Nikanyoosha mkono.

"Nina neno. Yale majani yalikuwa yamekula mbolea na hayajasaga."

"Meku," akasema Oforo, maana huku mzee tunamwita meku, "hapa tunazungumza mambo ya ukoo. Wewe ulikuwa mtu wa kumwaga mbolea ya watu."

"Ndiyo. Na wewe ulikuwa mtu wa kula paja. Kama ilikuwa sumu, mbona ulilila?"

Watu wakacheka. Oforo hakucheka. Mke wake alicheka kidogo akajifanya anakohoa.

Nikaendelea, nimepata moto: "Yale majani yaliyobaki tukayakaushe yawe hei, jua litaiondoa ile sumu."

Neema akanikatiza kwa adabu, kichwa kimeinama: "Samahani babu, hapana. Kukauka hakuiondoi. Inabaki mle mle kwenye shina."

Miaka yote ile shambani, nami sikulijua hilo. Nikakaa. Nilinuna kidogo, nikasema ukweli ni ukweli, hata ukisemwa na mtoto wa juzi.

Neema akasimama. Akamgeukia Baba Kiria. "Baba, damu ilikuwa ya rangi gani?"

"Mbege. Mbege ya jana."

"Mama Manka, mbolea ulimwaga lini, kabla ya mvua au baada?"

"Kabla. Jua lilikuwa kali."

"Ulimwaga kiasi gani?"

"Mfuko wote. Wa dukani aliniambia haina dhambi."

"Baada ya ile mvua kubwa ulisubiri nini kabla ya kukata?"

"Sikusubiri. Ilikuwa zamu yangu."

"Na ng'ombe wako ulimpa nini siku ile?"

Manka akanyamaza. Akaangalia chini. Oforo akaruka, "Mnaona! Mnaona amenyamaza!"

"Dada," Neema akasema, sasa kama mdogo kwa mkubwa, "ulimpa nini?"

Manka akasema kwa sauti ndogo hata nikasogeza sikio: "Migomba. Na yale majani ya njano ya pembeni."

"Kwa nini usimpe yale mazuri?"

Hapo Manka akainua uso. Akatazama watu, mmoja mmoja, mama kwa mama, wale wanaomjua tangu alipoletwa kwetu bibi harusi.

"Ningempelekeaje mgonjwa majani ya njano?" akasema. "Nyie mngempelekea?"

Kila mama aliyekaa pale alijua. Kila mama alikuwa amefanya hivyohivyo, wiki hiyohiyo, ng'ombe wake mwenyewe akitafuna migomba. Yaliyofanya ng'ombe wa Manka aishi ni yale yale yaliyomfanya awe mtu mwema. Na tulikuwa tunataka kumfukuza kwa hilo! Mama mmoja mzee akaanza kulia, akasema, "Ruwa wangu." Mungu wangu.

Neema akaeleza kilichobaki, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyekwenda kilabuni. Jani likipata mbolea nyingi, likakaa kwenye ukame, kisha mvua na mawingu, hujaza ile nguvu shinani bila kuigeuza chakula. Ng'ombe akiila nyingi kwa mpigo, tena na njaa, damu yake inashindwa kubeba pumzi. Anazimika akiwa anapumua. Nilikuwa namsikiliza huku namwona Elifuraha na tawi lake. Tumbo limejaa, halijasaga. Yule hakuwa na diploma, huyu hakuwa na ndevu, na walikuwa wanasema jambo moja.

Oforo akasimama. Akavaa kofia. Akasema, "Basi, Mungu ametuonyesha." Akaingia ndani. Kikao kikaisha hivyo! Hakusema pole. Hakusema nimekosa. Mungu ametuonyesha! Mungu alikuwa anatuonyesha tangu mwanzo, wewe ndiye uliyekuwa umemziba na paja la ng'ombe!

Samahani. Mjukuu anayenisaidia kusafisha mwandiko ananiambia nipunguze. Sipunguzi.

Wiki zikapita. Majani ya Manka yakapata jua, yakarefuka, rangi ikatulia. Neema alikuja, akamwambia sasa akate, akate juu kidogo aache shina, achanganye na makavu, ampe ng'ombe wake kidogokidogo kwanza. Manka alifanya hivyo. Ng'ombe akanenepa. Na mpaka leo langoni pa shamba lake, baada ya kila kumwaga mbolea, kuna tawi la miiba. Alinishinda mimi, mimi sikuwahi kuweka.

Mama Ndeshi alirudi na fimbo. Watoto wake wakamnunulia mtamba. Desturi ikaendelea, maana mguu haujapona, majani yanaletwa. Lakini Manka hakuleta. Aliogopa. Ningekuwa mimi ningeogopa.

Siku ya zamu yake ilipopita bila mzigo, Mama Ndeshi akatoka nje na fimbo yake, akasimama kwenye njia, akapaza sauti hata wa ng'ambo ya mfongo wakasikia: "Manka! Wewe Manka! Mtamba wangu ana njaa, na zamu ni yako!"

Manka akaja na mzigo. Akautua langoni kama desturi, akageuka kuondoka. Mama Ndeshi akamwambia, "Ingia." Akauburuta mzigo mwenyewe, kwa mguu mmoja, mpaka kwenye hori, akaufungua, akampa mtamba konzi ya kwanza kwa mkono wake, mbele ya watu wote waliojifanya wanapita. Mtamba akala. Wakasimama wote wawili pale wanamtazama anavyotafuna. Nami nilikuwepo, nilijifanya natafuta mbuzi. Sina mbuzi.

Kwa hiyo, wajukuu zangu, mwageni mbolea ardhi ikiwa imelowa. Kidogo, kila mkikata. Wekeni tawi langoni. Muulizeni bibi shamba, si muuza duka. Na msimpe ng'ombe mwenye njaa mzigo wote, hata kama mnampenda.

Ama Oforo, yupo. Ananisalimia kanisani. Masale ya ule mpaka yamestawi vizuri sana, upande wake na upande wa Manka, marefu, ya kijani. Angeweza kukata moja tu, akalifunga fundo, akavuka hatua chache akalipeleka. Kila nikipita natazama kama kuna lililokatwa. Hakuna. Na masale, mjue, hayahitaji mbolea.